Fundi wa Jeshi Anapovua Sare: Nakuru Ina Kazi, Yeye Hana Cheti

Kutoka Gilgil hadi Lanet ni kama kilomita 30 tu kwenye barabara kuu ya kwenda Uganda, na katika kipande hicho kifupi Kenya imeweka kambi na vyuo muhimu vya jeshi lake. Gilgil ina kambi za wanajeshi pamoja na chuo cha NYS, huduma ya taifa ya vijana. Lanet ina kambi yake, ina Chuo cha Kijeshi kinachofunza maafisa, na tangu 2021 ndiko yaliko makao ya Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Ulinzi. Askari si mgeni Nakuru. Huja akiwa kijana, akaoa, watoto wakasoma hapa, akanunua ploti Bahati au Free Area, na siku ya kuvua sare humkuta tayari ni mwenyeji. Swali ni kazi gani itamlisha kuanzia siku hiyo, maana wengi huondoka jeshini wakiwa bado na nguvu, na watoto wakiwa bado shuleni.

Jibu lililozoeleka ni lango. Kampuni za ulinzi huwapenda wanajeshi wastaafu kwa sababu wanajua nidhamu, hawalali zamu na hawaogopi giza. Wengine huingia shambani, wengine hununua matatu kwa kiinua mgongo. Kulinda ni kazi halali na simdharau anayeifanya. Lakini miongoni mwa walinzi hao wamo watu waliotumia miaka 15 au 20 wakifungua na kufunga injini za dizeli, wakichomelea vyuma, wakifufua jenereta na pampu za maji nyikani. Kumweka mtu wa namna hiyo langoni aandike nambari za magari anayoweza kuyatengeneza ni hasara kwake, na kwa mji wetu ni hasara kubwa zaidi. Nakuru ina kazi za mikono zinazomngoja, ina vyuo, na ina mafundi waliofunzwa kwa kodi ya wananchi. Kinachokosekana ni karatasi ambayo raia anaitambua, na wakati wa kuitafuta karatasi hiyo ni kabla askari hajaondoka kambini.

Tuanze kwa kutofautisha watu, kwa sababu mjadala huu huharibika pale wastaafu wote wanapowekwa kapu moja. KDF, jeshi letu la ulinzi, huandikisha watu kwa milango zaidi ya mmoja. Kuruta wa kawaida huingia akiwa na angalau alama ya D katika KCSE na umri wa miaka 18 hadi 26. Kando yake wapo wanaoingia kama mafundi, tayari wakiwa na vyeti vya umakanika, umeme au useremala, na hao huruhusiwa hadi miaka 30. Wapo pia ambao jeshi lenyewe liliwafunza, wengi wao katika Chuo cha Ufundi cha jeshi kule Embakasi, kinachojulikana kama DEFTEC. Makundi haya hayatoki na mzigo sawa. Aliyekuwa askari wa miguu kwa miaka 15 ana mengi ya kumfaa mwajiri, ila injini haimo. Huyo akitaka umakanika lazima aanze mwanzo, na kumwambia vinginevyo ni kumdanganya. Fundi wa DEFTEC yuko upande wa pili kabisa. Katikati yao wako madereva, na hao ndio kundi ambalo sisi raia hatulielewi vizuri.

Mtazame dereva wa jeshi anavyolianza gari asubuhi. Hawashi kwanza. Anafungua boneti, anachomoa kijiti cha oili, anakifuta, anakirudisha, anakichomoa tena na kusoma. Anaangalia maji ya radieta, mkanda wa feni, betri. Analizunguka gari akikagua tairi na nati zake, anainama kuona kama kuna tone lililodondoka usiku, ndipo anaandika kwenye karatasi ya gari na kutia sahihi. Kasoro ikiwepo naye hakuiandika, kosa ni lake. Mtu aliyefanya hivyo kila siku kwa miaka mingi haachi tena, hata akipewa Probox ya shemeji yake.

Sasa peleka mazoea hayo Salgaa, kwenye barabara kuu ileile ya Uganda. Malori ya mizigo ya Uganda, Rwanda na Kongo hupita hapo mchana na usiku, na mengi husimama kulala. Mteremko wa kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan umekula watu wengi mno, na sehemu ya lawama ni breki zilizochoka ambazo hakuna aliyezikagua kabla ya safari. Kampuni ya malori haihitaji tu fundi wa kufufua gari lililokufa. Inahitaji mtu wa kusimama uani saa kumi na moja alfajiri na kukataa kutia sahihi gari lisilofaa, hata tajiri akikasirika. Ujasiri wa kukataa ni mgumu kumfundisha kijana wa miaka 20 anayeogopa kufutwa. Sajini mstaafu anao.

Upande wa mashamba mahitaji ni makubwa zaidi, tena watu wa mjini huyasahau. Njoro, Rongai na Mau Narok ni nchi ya ngano na shayiri, na mavuno hayangoji. Kombaini ikizima katikati ya shamba huku mawingu yanajikusanya, mkulima anahesabu hasara kwa saa. Mara nyingi hitilafu yenyewe ni ndogo: dizeli ilikwisha tangini, hewa ikaingia kwenye mabomba. Fundi anayejua hulegeza nati ya chujio, akapiga pampu ya mkono mpaka povu liishe na dizeli itoke safi, akakaza, kisha akahamia kwenye nati za nozo, moja baada ya nyingine, huku mwenzake akizungusha starta. Muda si mrefu kombaini inanguruma. Asiyejua huanza kufungua pampu yenyewe, na pampu ya dizeli iliyofunguliwa kwenye vumbi la shamba humaliza faida ya msimu. Fundi wa jeshi amefunzwa kutengeneza palipoharibikia, bila gereji, bila umeme, kwa sanduku moja la spana. Hicho ndicho mkulima wa Mau Narok anachokosa, kwa sababu gereji nzuri ziko mjini na kombaini haibebeki kama gari dogo.

Halafu kuna umeme wa mvuke wa ardhini. Mtambo wa kwanza wa Olkaria, karibu na Naivasha, wa megawati 15, ulianza kufanya kazi 1981. Leo mitambo ya nguvu za mvuke ya kampuni ya umeme ya KenGen inazidi megawati 700. Menengai, juu kidogo ya mji wa Nakuru, kampuni ya serikali ya GDC ilianza kuchimba visima 2011, na 2023 kituo cha kwanza cha umeme hapo, cha megawati 35 kinachojulikana kama Sosian, kilianza kuzalisha. Kuchimba kisima cha mvuke ni kazi ya wiki kadhaa bila kusimama. Mtambo hutoboa mwamba kilomita mbili au tatu chini, jenereta na pampu zikivuma usiku kucha, watu wakipokezana zamu, kila mmoja akijua nani anatoa amri na nini kinafuata kengele ya hatari ikilia. Juu ya ardhi kuna mabomba ya kuchomelewa, vali za kukarabati, kreni za kutunza. Utaalamu huu umefika hata nje: wachimbaji wa KenGen wamefanya kazi Ethiopia na Djibouti. Sijui kazi nyingine ya kiraia katika Bonde la Ufa inayofanana na maisha ya kambini kuliko hii. Lakini fungua tangazo lolote la kazi za namna hiyo, utakuta sharti la kwanza ni cheti, la pili ni cheti cha juu zaidi.

Hapo ndipo afande aliyefunzwa jeshini anapokwama. Karatasi anazopewa akitoka jeshini husema zaidi juu ya cheo, miaka na mwenendo kuliko juu ya injini. Kozi alizopita zina majina ya kijeshi ambayo meneja wa wafanyakazi kule Naivasha hawezi kuyapima. Meneja huyo si mtu mbaya. Ana maombi mia mbili mezani, na karatasi asiyoielewa huiweka kando.

Na dawa ipo tayari nchini. NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, hutoa mitihani ya ufundi ya serikali kwa daraja la tatu, la pili na la kwanza. Mtihani hauulizi ulisomea wapi. Mtahiniwa hupewa kazi ya mikono na maswali ya ufundi wake, akafaulu au akashindwa. Ndiyo njia ambayo mafundi wengi wa jua kali wameipitia. Isitoshe, Kenya sasa ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, chini ya KNQA, mamlaka ya taifa ya sifa za elimu, ambapo mtu hupimwa kwa anachoweza kufanya na kupewa sifa inayolingana. Bunge nalo lilitunga sheria ya wanajeshi wastaafu mwaka 2022. Vipande vyote vipo, ila vimekaa mbalimbali. Askari aliyestaafu ndiye anayeachiwa kazi ya kuviunganisha, akiwa peke yake, miezi baada ya kutoka, pesa zikiyeyuka.

Vyuo navyo viko mlangoni. Nakuru ina Rift Valley National Polytechnic, ambayo wengi bado tunaiita RVIST. Ina KITI, taasisi ya mafunzo ya viwanda iliyo chini ya wizara ya viwanda. Njoro kuna Chuo Kikuu cha Egerton. Aliyemaliza kidato cha nne na D ya KCSE anaweza kuanza kozi ya cheti cha ufundi. Diploma huhitaji C ya chini. Kwa hiyo hata yule askari wa miguu niliyemtaja ana mlango. Shida yake ni kukaa darasani mwaka mzima au zaidi na vijana wa rika la mwanawe, huku nyumbani wanasubiri unga. Mafunzo ya vipande vifupi, ambayo vyuo vyetu vya ufundi vimeanza kuyafuata, yanamfaa zaidi kuliko kozi ndefu ya mfululizo.

Sitaki mtu adhani cheti kikipatikana mambo yamekwisha. Fundi wa jeshi anayefungua gereji yake hukutana na mambo ambayo kambi haikumfundisha. Jeshini spea huombwa kwa fomu na kutoka stoo. Mtaani spea huja na udanganyifu, na beringi bandia hufanana na halisi mpaka itakapopasuka. Jeshini hakuna mteja wa kusema atalipa mwisho wa mwezi. Kupanga bei, kuandika deni, kumkatalia jirani anayetaka kazi ya bure, yote hayo ni ufundi wa pili. Teknolojia nayo imebadilika. Aliyezoea Land Rover na malori ya dizeli ya zamani atakuta barabara za Nakuru zimejaa magari madogo ya Japani, mengine yenye injini nusu petroli nusu umeme, ambayo hayatengenezwi bila kuyachomekea kompyuta yasome hitilafu.

Ndiyo maana naona jua kali ni mwalimu anayestahili heshima. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya 1972, ndiyo iliyoifanya dunia ione kwamba shughuli hizi za vibandani ni uchumi kamili. Fundi wa jua kali pale Shabab au Industrial Area anajua soko, anajua spea ya kweli ya duka gani, anajua gari linaloletwa na mteja mkorofi. Anachokosa mara nyingi ni utunzaji wa kumbukumbu, usalama kazini na tabia ya kukagua kabla ya kukabidhi. Mstaafu wa jeshi anacho hicho hasa. Wawili hawa wakiwekwa kwenye gereji moja kwa miezi sita, kila mmoja atatoka amekuwa fundi bora. Sharti ni moja: afande akubali kuitwa mwanafunzi na mtu mdogo kwake kwa umri. Wengine hushindwa hapo, na tuseme hivyo waziwazi.

Tatizo hili la askari aliyevua sare tumekuwa nalo kwa zaidi ya miaka 100. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni iliwagawia askari Wazungu mashamba katika nyanda za juu kwa mpango wa 1919, huku Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi, wale walioacha jina la Kariokor jijini Nairobi, wakirudi mikono mitupu. Baada ya Vita vya Pili walirudi wapiganaji wa KAR, jeshi la kikoloni la Waafrika, waliofika Ethiopia, Madagaska na Burma, wakiwemo madereva, mafundi wa magari na wa redio. Nchi haikujua iwafanyie nini. Waruhiu Itote, baadaye Jenerali China wa Mau Mau, alipitia Burma na kisha akafanya kazi ya reli kabla ya kuingia msituni. Januari 1964, wiki chache baada ya uhuru, askari wa Lanet penyewe waliasi kwa malalamiko ya mishahara na hali zao. Na 1982, baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mosi, Jeshi la Anga lilivunjwa lote. Mafundi wa ndege na wa redio waliofunzwa kwa gharama kubwa wakajikuta nje. Hao wa 1982 walikuwa na kesi ya aina yake, lakini ujuzi wao ulipotea vilevile kama wa wengine.

Majirani wamejaribu mengine. Uganda kati ya 1992 na 1995 ilipunguza zaidi ya wanajeshi 36,000, ikawapa fedha, mabati, mbegu na karo za watoto kupitia bodi maalumu ya wastaafu. Mpango ule ulimfaa mkulima anayerudi kijijini, lakini haukulenga gereji. Tanzania ilionyesha upande mwingine: kule Nyumbu, Kibaha, jeshi liliunda kituo cha teknolojia ya magari na miaka ya 1980 kikatengeneza lori lake. Hiyo ni ithibati kwamba ufundi wa jeshi la Afrika Mashariki unaweza kutumikia uchumi wa kiraia.

Uingereza ina shirika la hisani la Mission Motorsport, lililoanzishwa 2012, ambalo hutumia mbio za magari kuwarejesha kazini wanajeshi waliojeruhiwa au kuugua, kisha huwaunganisha na kampuni za magari. Sisi tunayo mbio yetu. Tangu 2021 Safari Rally ya dunia imekuwa na makao yake Naivasha, magari yakipita Soysambu na Hell's Gate, na jioni mafundi hupewa dakika zilizohesabiwa kubadilisha ekseli au giaboksi. Sioni sababu ya wastaafu wetu, hasa wale waliorudi na majeraha kutoka vitani Somalia, kutokuwamo kwenye timu za mafundi za madereva wa Kenya. Wapo waliopoteza miguu lakini mikono na akili viko timamu. Umeme wa magari na kukarabati starta na altaneta ni kazi za mezani. Wapo pia ambao jeraha lao liko moyoni, usingizi haupatikani, na kazi ya mikono inayokamilika na kuonekana jioni huwasaidia kuliko kukaa langoni peke yao usiku kucha.

Lakini jambo kubwa la kujifunza kwa Waingereza na Wamarekani ni wakati. Uingereza huanza kumwandaa askari hadi miaka miwili kabla hajatoka. Marekani humruhusu mwanajeshi kutumia hadi siku 180 za mwisho akifanya kazi kwenye kampuni ya kiraia huku bado analipwa na jeshi. Sisi mara nyingi humwandaa baada ya kumuaga.

Gharama isitutishe. Waajiri wa Kenya tayari hulipa ada ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na fedha hizo ziko kwa ajili ya mafunzo kama haya. Mashamba ya maua ya Naivasha, kampuni za malori na viwanda vya Nakuru wote ni walipaji. Wakikubali kila mmoja kumpokea askari wa mwaka wake wa mwisho kwa miezi michache ya majaribio, watakuwa wanatumia walichokwisha kukilipia. Na kiinua mgongo kitabaki kwa kazi yake. Badala ya matatu ya mitumba itakayokufa kabla ya mwaka kwisha, kitanunua sanduku la vifaa, mashine ya kusoma hitilafu na kodi ya kibanda.

Ninawaomba wakuu wa jeshi, NITA na serikali ya kaunti jambo moja linalowezekana mwaka huu: watahini wa NITA waende Gilgil na Lanet, wawapime mafundi na madereva walio katika mwaka wao wa mwisho, na kila mmoja atoke getini akiwa na daraja lake mkononi. Na wewe uliye bado kambini, usisubiri watahini hao. Kusanya karatasi za kozi zako zote leo, mwombe ofisa wako wa karakana aandike ni mitambo gani umeifanyia kazi na kwa miaka mingapi, kisha jiandikishe kwa mtihani ungali na mshahara.